BABA USIUZE KIBANJA: SIASA YA CHUONI SIYO TIKETI YA BUNGENI

   

Leo nimewageukia wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita, pamoja na wazazi wao, hususan wa huku kwetu Bukoba na Muleba. Sisi jamani tunajijua. Wenzetu wa mikoa mingine wametubandika jina la "nshomile", maana yake "nimesoma", na wanalitamka kwa kututania: eti Mhaya hawezi kukusalimia kabla hajakutajia shule aliyopitia. Utani tumeupokea, hatuna kinyongo. Ila ndani ya utani huo kuna ukweli mmoja: kwetu mtoto akifaulu, ukoo mzima umefaulu. Na mtoto akichagua kozi, ukoo mzima una maoni.

Sasa ngoja mtoto mwenyewe aseme, "Tata, nimechagua sayansi ya siasa." Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Baba macho yanamng'aa, anaona shangingi linapinda kona kuja nyumbani, limejaa mabodigadi. Mama naye moyo unampasuka, anaona mwanaye yuko mahabusu. Mjomba anacheka: "Siasa inasomewa? Si unapanda jukwaani tu!" Mtoto anabaki katikati, hana wa kumwelewesha, maana hata yeye hajui vizuri anakwenda kusomea nini.

Mimi mwenyewe niliishia hicho hicho kidato cha sita, sitaki kujifanya profesa. Lakini nimeuliza waliosoma, nimepekua, na leo nataka tuseme ukweli bila kuumana meno.

UBUNGE HAUDAI DIGRII

Tuanze na baba mwenye ndoto ya shangingi. Mzee wangu, shikamoo. Chukua Katiba ya Jamhuri ya Muungano, fungua Ibara ya 67. Ili mtu achaguliwe kuwa mbunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Basi. Yapo masharti mengine ya mwenendo, lakini digrii hutaiona pale. Ya siasa wala ya kitu kingine.

Angalia na marais wetu. Mwalimu Nyerere alikuwa mwalimu kweli kweli, akasoma Makerere na Edinburgh. Mkapa alisoma Kiingereza Makerere. Kikwete alisoma uchumi pale Mlimani, akamaliza 1975. Magufuli alikuwa mtu wa kemia na hesabu, na alipoingia bungeni mwaka 1995 alitokea Biharamulo Mashariki, wakati huo ikiwa mkoa wetu huu wa Kagera, kabla Chato haijapelekwa Geita. Rais Samia alisomea utawala Mzumbe, mwaka 1986. Katika orodha hiyo nani alikaa darasani akasomea sayansi ya siasa kama kozi yake kuu? Hakuna.

Njoo Muleba sasa. Profesa Anna Tibaijuka ni mtaalamu wa uchumi wa kilimo. Aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa pale Nairobi toka mwaka 2000 hadi 2010, kisha akarudi nyumbani akachukua jimbo la Muleba Kusini. Aliyekuwa na jimbo hilo kabla yake, Wilson Masilingi, ni mwanasheria.

Utaniambia, "Mbona Museveni?" Kweli, jirani yetu wa ng'ambo ya Mutukula alisoma uchumi na siasa hapo hapo Dar es Salaam, akamaliza mwaka 1970. Lakini Ikulu ya Uganda aliingia mwaka 1986 akitokea msituni na bunduki. Hakupeleka cheti mtu.

Kwa hiyo hesabu ya kwamba mtoto akisoma siasa miaka mitatu wa nne anakuwa mbunge, hiyo tuifute.

SASA WANASOMA NINI HUKO?

Swali zuri. Mlimani kozi inaitwa Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma. Wanasoma mawazo ya watu waliofikiria utawala toka enzi za Wagiriki, wanalinganisha serikali za nchi mbalimbali, wanasoma uhusiano wa kimataifa, wanasoma jinsi ofisi ya umma inavyoendeshwa, na wanasoma namna ya kufanya utafiti, takwimu zikiwamo. Wengi takwimu huwatoa jasho kwa kuwa hesabu walizikimbia tangu kidato cha pili.

Lakini nikueleze kwa mfano wa kwetu ndipo utaelewa. Chukua kahawa. Mkulima wa Muleba ana shida ya ada, anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, ile tunaita butura. Mwenzake anavusha magunia usiku kwenda Uganda kwa kuwa kule kuna bei. Mtaalamu wa kilimo atakuuliza habari za mbolea na wadudu. Mtu wa siasa atakuuliza mengine: nani aliamua kahawa iuzwe kupitia chama cha ushirika tu? Nani alifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima mwaka 1976, na kwa nini sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha? Nani anapata na nani anakosa? Mkulima akilalamika, analalamika wapi na nani anamsikiliza? Hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Na usidhani ni mambo ya kwenda Ulaya kuyatafuta. Yupo Msweden mmoja, Goran Hyden, mwanasayansi ya siasa mwenye jina kubwa duniani. Miaka ya 1960 alifunga safari kutoka Chuo Kikuu cha Lund akaja huku huku Buhaya, akachunguza jinsi TANU ilivyofanya kazi vijijini. Utafiti huo ndio uliompa udaktari mwaka 1968, na kitabu chake akakipa jina la Kiswahili, TANU Yajenga Nchi. Mgomba wetu huo huo unaouona kila asubuhi, mwenzetu kautolea shahada!

Wapo na wa kwetu. Kamachumu, Muleba, wazee wanamkumbuka Ali Migeyo, mwanasiasa wa enzi za mkoloni ambaye hakuwa na digrii yoyote. Mwaka 1953, kabla hata TANU haijazaliwa, mkutano wake wa hadhara hapo Kamachumu ulivunjwa kwa mabomu ya machozi, na yeye akatiwa jela. Tunamjua leo kwa sababu kijana msomi wa Mlimani, Gelase Mutahaba, aliandika maisha ya mzee huyo, kitabu kikatoka Nairobi mwaka 1969. Kijana huyo baadaye akawa profesa wa utawala wa umma.

Hebu tulia hapo kidogo. Migeyo ndiye aliyefanya siasa. Mutahaba ndiye aliyeisoma na kuiandika. Kazi mbili tofauti, na nchi inazihitaji zote. Mdogo wangu, kabla hujajaza fomu jiulize: wewe unataka kuwa Migeyo au Mutahaba? Kama ni Migeyo, hata leo jioni unaweza kuanza, chama chochote kitakupokea. Kama ni Mutahaba, ndiyo, nenda chuo.

KAZI ZIPO WAPI?

Hapa ndipo wengi wanapofungua macho. Nitazitaja moja moja.

Ya kwanza ni serikali yenyewe, na hasa ile ya chini. Mtendaji wa kata, afisa tarafa, afisa utumishi, afisa tawala. Hizi nafasi hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye mtandao wao, unaitwa usaili wa kuandika, ukivuka unaitwa wa kuongea. Digrii ya siasa na utawala huwa inakubalika kwenye nyingi kati ya hizo. Ila ujue unagombania nafasi na waliosoma sheria, sosholojia na maendeleo ya jamii. Na ukipata, usitegemee kupangwa mjini pale karibu na ufukwe wa Ziwa. Unaweza kupewa kata ambayo pikipiki ndiyo ofisi yako, kesi ya kwanza asubuhi ni ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, na ya pili ni mchango wa choo cha shule. Hiyo nayo ni siasa, tena ndiyo inayowagusa watu.

Ya pili ni diplomasia. Kwa mtu wa Kagera hii isikupite. Mkoa wetu unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Arusha. Chuo cha Diplomasia kiko Kurasini, Dar es Salaam, kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wetu na Msumbiji, na siku hizi kinaitwa kwa jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Waliopita njia ya siasa wakafika ubalozini wapo: Dk. Benson Bana alikuwa mhadhiri wa idara hiyo Mlimani, akaenda kuwa balozi wetu Nigeria. Lakini kumbuka, kabla ya ubalozi alikula chaki miaka mingi.

Ya tatu ni mashirika. Mwaka 1994, Wanyarwanda zaidi ya laki mbili walipovuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda mfupi sana, mashirika yalimiminika, na kijana aliyejua lugha, aliyeweza kuandika ripoti na kukaa na watu, alipata kazi. Kambi zile zilifungwa, lakini funzo lilibaki: shirika linamtafuta anayejua kuandika ripoti yenye maana, digrii peke yake haimtoshi mtu.

Ya nne ni utafiti. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, Mlimani wakaanzisha mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia, maarufu kama REDET, na baadaye ikaja TEMCO ya kuangalia uchaguzi. Taasisi kama REPOA zinapita vijijini kuuliza wananchi maoni yao. Wadodosaji wanahitajika, wachambuzi wanahitajika. Hapo ndipo zile takwimu ulizozikimbia zinakufuata na kukuuliza ulikuwa wapi.

Ya tano ni habari. Redio ziko hapa hapa mkoani, kama Kasibante ya Bukoba na Kwizera ya Ngara. Mtangazaji anayejua tofauti ya kazi ya diwani na ya mkurugenzi wa halmashauri ni lulu. Mnakumbuka mwaka 2013 Baraza la Madiwani la Manispaa ya Bukoba lilivyogawanyika kwa ajili ya miradi, ule wa soko kuu ukiwamo, mpaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaingia? Vijiweni kila mtu alikuwa na kambi yake, wa huku na wa kule. Waliokuwa wanaweza kukaa chini wakaeleza sheria inasema nini, meya ana mamlaka yapi na baraza lina yapi, walikuwa wachache wa kuhesabu kwa vidole.

Ya sita ni kufundisha. Hapa tuelewane: digrii ya siasa peke yake haikupi darasa la sekondari, ni lazima uongeze stashahada ya uzamili ya ualimu. Chuoni unaweza kubaki kufundisha, ila wanabaki wenye alama za juu tu, wale wanaoitwa "vipanga".

WALIOVUKA MTO, NA BEI WALIYOLIPA

Msiseme nakatisha tamaa. Wa kwetu waliosoma siasa wakafika mbali wapo. Profesa Rwekaza Mukandala, jina tu linajieleza ni la wapi, alikuwa mwalimu wa siasa akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam toka 2006 hadi 2017, na mwaka 2022 ndiye aliyeongoza Kikosi Kazi cha Rais kuhusu demokrasia ya vyama vingi. Dk. Bashiru Ally, mtoto wa Kagera, alitoka kufundisha siasa Mlimani akawa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2018.

Lakini siasa ni ngazi yenye utelezi. Huyo huyo Bashiru aliteuliwa Katibu Mkuu Kiongozi Februari 2021, akakaa kwenye kiti hicho kama mwezi mmoja tu, akateuliwa mbunge. Kiti cha kuteuliwa ni mali ya mteuzi, anaweza kukichukua wakati wowote.

Na marehemu Profesa Mwesiga Baregu, aliyetutoka Juni 2021, alifundisha siasa Mlimani kwa miaka mingi na huku yumo Chadema. Karibu na uchaguzi wa mwaka 2010 mkataba wake hapo chuoni haukuendelezwa, hoja ikiwa ni kwamba mtumishi wa umma hawezi kuwa pia kiongozi wa chama cha siasa. Akaenda kufundisha kwingine. Mwaka 2012 Rais Kikwete akamteua kwenye Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Warioba. Unaona? Elimu yake haikupotea, ila msimamo wake aliulipia. Mtoto anayekwenda kusomea siasa ajue mapema kwamba siku moja ataambiwa achague: mshahara wa umma au kadi ya uongozi. Na mama anayeogopa mahabusu, namwambia hivi: mama, kusoma siasa si kuingia kwenye siasa. Mwanao anaweza kumaliza maisha yake yote ofisini akichambua takwimu, na kelele ya jukwaani akaisikia redioni kama wewe.

BARUA YA BINTI WA KAMACHUMU

Siku za karibuni nilipata barua ya binti mmoja wa upande wa Kamachumu, jina ninalo. Amepata nafasi ya kusoma siasa na utawala. Mkopo amepewa kidogo, hautoshi. Baba yake kapata mtu wa kununua sehemu ya juu ya kibanja, upande ule alikozikwa babu. Anasema, "Haina neno, miaka mitano ijayo utakuwa DC, utakikomboa." Binti anajua mambo hayako hivyo, lakini anaogopa: akisema ukweli baba ataacha kuuza na chuo kitakwama, akinyamaza kibanja kitakwenda.

Dada yangu, nimeisoma barua yako mara tatu. Jibu langu ni fupi: mwambie, tena mwambie leo, kabla ya mnunuzi hajahesabu pesa. Mwambie kwa heshima, "Waitu tata, ukuu wa wilaya ni wa kuteuliwa na Rais, sitaukuta kwenye cheti. Nikibahatika nitaanza na utendaji wa kata, na kwenye mshahara wangu Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 kila mwezi. Kibanja sitaweza kukikomboa kwa miaka mitano." Mama naye aulizwe, na wazee wa ukoo pia. Mtihani wa chuo ukifeli kuna sapu. Kibanja kikishauzwa hakina sapu.

Halafu nenda na mpango mkononi, usiende na machozi tu. Bodi ya Mikopo huwa na dirisha la rufaa, peleka nyaraka zako zikiwa kamili. Uliza chuo kuhusu kulipa ada kwa awamu. Ukoo uchange, si ndiyo unshomile wetu huo? Mwaka huu ukishindikana, omba chuo kikuruhusu uahirishe, ufanye kazi, uende mwakani. Na njia fupi ipo pia: Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, Dodoma, kinatoa cheti na stashahada, na watendaji wa vijiji wengi wametokea pale. Ukishaajiriwa, digrii utaifuata kwa mshahara wako mwenyewe.

Baba naye nisimwonee. Anayeuza kibanja kwa ajili ya binti anampenda binti. Wangapi bado wanasema msichana akasome cherehani? Huyu mzee yuko mbele ya wengi. Anachokosa ni taarifa tu, na mwenye taarifa ni wewe.

KABLA HUJAJAZA FOMU

Wengine wote mnaosubiri dirisha la udahili, jiulizeni mambo manne. Je, unapenda kusoma kurasa nyingi na kuandika? Maana kozi hii ni kusoma mpaka macho yanauma. Je, uko tayari kujifunza takwimu na kompyuta? Je, una ujuzi wa pili wa kuongeza juu ya digrii, iwe ni lugha ya Kifaransa kwa ajili ya Burundi na Kongo, iwe ni uandishi, iwe ni udereva? Na la mwisho, kazi ikichelewa mwaka mmoja au miwili, utarudi nyumbani ukashika jembe bila kuona aibu? Ukijibu ndiyo kwa yote manne, nenda kasome, tena kwa moyo mmoja. Ukijibu hapana kwa mawili, tafakari upya, kozi ni nyingi.

Wanaosema siasa haisomewi, waambieni hivi: haisomewi ili upate kura. Inasomewa ili siku diwani akisimama kutetea mradi, awepo hata kijana mmoja kijijini anayejua kuuliza pesa zilitoka wapi, nani aliidhinisha, na kumbukumbu za kikao ziko wapi. Kijiji chenye kijana kama huyo hakidanganywi mara mbili.

Kwa leo niishie hapa, karatasi imekwisha. Wenye maoni, wenye kozi tofauti, na nyie mliosoma siasa mkaajiriwa au mkasota, niandikieni kupitia gazeti hili, barua zote nasoma. Binti wa Kamachumu, nasubiri kusikia baba amesema nini. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kila la heri!